Daftari Linalouliza Nani Hajarudi

Mama mwenye vidole vilivyovimba haendi kutibiwa mikono mitupu. Huku Kibara, na kote kwenye mwambao huu wa Ghuba ya Speke, hubeba daftari la shule alilolinunua dukani, na hilo ndilo faili lake. Likijaa au likilowa, hununua jingine. Akienda Bunda anaanza jipya. Akipewa rufaa ya hospitali ya Musoma au Bugando, jipya tena. Ndani ya kila moja mna maneno yale yale: maumivu ya viungo, dawa ya kutuliza, arudi baada ya wiki mbili. Kama alirudi au hakurudi, hakuna daftari linalojua.

Kwa sababu hiyo nasema hospitali na vituo vya afya vya Bunda, Butiama na Musoma vianzishe rejista ya pamoja ya wagonjwa wa viungo. Iwe orodha moja, kila mgonjwa na namba yake moja, na kila anapohudhuria yaandikwe mambo machache yale yale, ili hali yake ya leo ilinganishwe na ya mwaka jana, na pia na ya wenzake. Kila ninapolisema hili najibiwa kwa hoja sita. Wanaozitoa ni watu wenye nia njema, wakiwemo wauguzi waliochoka kuandika. Wanastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Dai la 1: "Baridi yabisi ni uzee na upepo wa ziwa. Hakuna cha kuandika."

Baridi yabisi ni jina moja tuliloyavisha magonjwa mengi. Ndani yake mna magoti yaliyosagika ya mkulima mzee. Mna jongo. Mna ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa viungo. Huo ndio baridi yabisi yenyewe; huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza mtu akiwa bado katika umri wa kazi. Mna kifua kikuu cha mifupa. Mna seli mundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaijua vizuri. Na mna homa ya baridi yabisi, ambayo huwashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15: huanza na mafindofindo, ikahama kutoka goti hadi kiwiko, ikapoa, kisha ikaacha kovu kwenye vali za moyo. Upepo wa ziwa hauleti hata mmoja kati ya hayo, na dawa ya mmoja haimfai mwenye mwingine.

Nchi yetu yenyewe ina mfano mkubwa wa faida ya kuandika. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwaangusha watu wa Newala, ikawaacha wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Wamakonde waliiita chikungunya, kitu kinachomkunja mtu. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika dalili za wagonjwa na jinsi ugonjwa ulivyokwenda kijiji kwa kijiji, na maandishi yao yakachapishwa mwaka 1955. Leo daktari wa Brazil au India anayetaja ugonjwa huo anatamka neno la Kimakonde. Bila kalamu ile, maumivu ya Newala yangezikwa ndani ya jina la "baridi" kama mengine mengi.

Dai la 2: "MTUHA inatosha. Tunaandika kila siku."

Mnaandika kweli, na kazi hiyo ni nzito. Lakini MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, huhesabu mahudhurio, wakati rejista humfuata mtu. Mama yule akihudhuria mara nne kwa mwaka, taarifa inayokwenda wilayani itambeba kama tarakimu ndani ya jumla ya mwezi. Haitasema kwamba mara ya kwanza aliweza kukamua nguo, na mara ya nne alishindwa kufunga kitenge chake mwenyewe. Na asipokuja kabisa, jumla itapungua kidogo, mtu adhani ugonjwa umepungua.

Tofauti hii tunaijua kwa vitendo. Tangu mpango wa taifa wa dawa za kupunguza makali ya VVU uanze mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo, CTC, zimempa kila mteja namba, kadi na tarehe ya kurudi. Asipofika, jina lake huonekana, naye hutafutwa. Lugha ya kliniki ina neno lake kabisa: mtoro. Kwa maumivu ya viungo hatuna watoro, kwa sababu hatukuwahi kuandika nani alitakiwa kurudi. Ninachoomba ni mazoea yale yale, kwenye korido ile ile.

Dai la 3: "Hatuna bingwa wa viungo. Kuandika bila bingwa ni kupoteza wino."

Ni kweli mabingwa hao ni wachache nchini, na hakuna anayetarajia kumkuta mmoja Kibara kila Jumatatu. Lakini mambo ya kuandikwa hayamsubiri bingwa. Dunia nzima hupima baridi yabisi yenyewe kwa kubonyeza viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, na viungo 20 vya vidole vya mikono. Tabibu akifundishwa, anaweza kuvihesabu na kuandika vingapi vimevimba na vingapi vinauma. Kisha aulize asubuhi ugumu unachukua dakika ngapi kuachia, kazi gani imemshinda mgonjwa, na dawa gani anatumia, zikiwemo zile za kununua dukani. Baada ya ziara tatu kurasa hizo zitaonyesha nani anazidiwa. Huyo ndiye wa kupewa rufaa, na bingwa wa Bugando atapokea mwaka mzima wa vipimo badala ya barua ya mistari miwili.

Anayesema hospitali ndogo haiwezi aikumbuke Kuluva, hospitali ya misheni karibu na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Madaktari Ted na Peter Williams, mtu na ndugu yake, waliwaandika kwa uangalifu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa akiufuatilia. Kila mtoto aliandikiwa alikotoka na lini alianza kuugua. Mwaka 1974 kumbukumbu za wilaya hiyo ya West Nile zilichapishwa katika jarida la Lancet, zikionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa na majira yake. Hospitali hiyo ilikuwa mbali na jiji, na walioandikwa walikuwa wanakijiji. Kilichoifikisha pale ni ukaidi wa kuandika kila mtoto, bila kuruka.

Dai la 4: "Rejista ni mambo ya nchi tajiri."

Sweden ilianza yake ya wagonjwa wa viungo mwaka 1995, Denmark mwaka 2000, Uingereza ikafuata mwaka 2001. Ningekuwa na mifano hiyo peke yake, ningenyamaza. Lakini mfano ulio bora uko ng'ambo ya ziwa letu hili hili.

Kati ya mwaka 2010 na 2012, hospitali 25 za nchi 14, zikiwemo Uganda, Kenya na Rwanda, ziliandikisha wagonjwa 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. Hao ndio watoto waliolalamika magoti yanauma wakaambiwa watapoa.

Uganda ikaendelea na rejista yake. Watafiti walipopitia wagonjwa 1,504 waliomo na kutoa taarifa mwaka 2017, waliona jambo lililopaswa kutuamsha usingizini. Kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa hai, takriban 57 tu ndio waliofika kliniki ndani ya kipindi cha mwaka mmoja na wiki chache. Lakini kwa wale walioendelea kuja, zaidi ya 91 kati ya 100 walikuwa wameandikiwa sindano ya penisilini ya kuwakinga, na wengi sana kati ya walioandikiwa walichomwa ipasavyo. Mtungi haukuwa ukivuja kwenye dawa, wala kwenye ukaidi wa mgonjwa. Ulivuja njiani, kati ya ziara moja na nyingine. Na waliohudumiwa kwenye vituo vya mikoani, karibu na kwao, walidumu zaidi.

Bila rejista, Uganda ingeendelea kuwalaumu wagonjwa au kuongeza dawa mahali ambapo hazikuwa shida. Kwa rejista, ilijua pa kuziba.

Dai la 5: "Daftari halitibu. Leteni dawa kwanza."

Daftari halitibu, nakubali. Lakini dawa bila ufuatiliaji inaweza kuua, na dawa iliyopo bila ufuatiliaji haifiki.

Tuanze na iliyopo. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Nchini Uganda watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilikuwa na dalili za mwanzo kabisa za madhara ya homa ya baridi yabisi, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kwa waliochomwa penisilini kila baada ya wiki 4, ugonjwa ulisonga mbele kwa chini ya mtoto 1 kati ya 100. Kwa wasiochomwa, ulisonga kwa watoto 8 kati ya 100. Faida hiyo yote imejengwa juu ya kurudi kila baada ya wiki 4. Nani atakayejua wiki ya 4 imepita, kama hakuna palipoandikwa?

Tuje kwenye dawa zenye makali. Methotreksati, nguzo ya tiba ya baridi yabisi yenyewe, hunywewa mara moja kwa wiki. Anayekosea akainywa kila siku yuko hatarini kufa. Rejista yenye safu ya "siku ya dawa" ni kinga yake. Prednisoloni nayo hununuliwa kirahisi, ikatuliza maumivu kwa siku mbili, mtu akaizoea kwa miaka. Mwezi Machi 2020, UVIKO-19 ulipoingia, madaktari wa viungo wa nchi nyingi waliungana wakajenga rejista kwa haraka. Ilipofika Mei walikuwa wameshachapisha habari za wagonjwa 600 wa nchi 40, na ikaonekana kwamba waliokuwa wakitumia prednisoloni miligramu 10 au zaidi kwa siku walilazwa hospitali zaidi ya wenzao. Rejista ya Uingereza nayo ilionyesha mwaka 2010 kwamba kati ya sindano tatu mpya za wakati huo za baridi yabisi, mbili ziliambatana na kifua kikuu mara tatu au nne zaidi ya ya tatu. Kwetu, ambako kifua kikuu bado ni jirani, hiyo ni habari ya kuijua kabla sindano hizo hazijafika.

Na anayetaka dawa ziletwe atahitaji hoja mbele ya Bohari ya Dawa. "Wagonjwa ni wengi" haijazi rafu. Kinachojaza rafu ni orodha inayosema tuna wagonjwa kadhaa, kila mmoja vidonge kadhaa kwa mwezi.

Dai la 6: "Siri za watu zitavuja."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na anayelitoa asibezwe. Kibara ni mahali pa kujuana. Jina likitamkwa asubuhi hospitalini, jioni limefika mwaloni. Lakini tutazame hali ilivyo sasa: daftari la shule lenye historia yote ya mtu, linalosomwa na kila anayekaa naye nyumbani. Hiyo ndiyo siri tunayoilinda?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inamtaka anayezitunza azilinde. Basi rejista ifuate hivyo. Mgonjwa aelezwe na akubali. Jina na simu yake vibaki chini ya kufuli la kituo. Kinachokwenda wilayani au mkoani kiwe namba na vipimo. Hofu ya siri ni sababu ya kuijenga rejista vizuri, wala haiwi sababu ya kuacha kuijenga.

Kuna sharti moja ambalo wauguzi wana haki ya kulidai. Rejista isiwe mzigo mwingine wa kujazia wakubwa. Mgonjwa mmoja asizidi mistari michache, na kilichoandikwa kimrudie aliyekiandika kabla hakijaenda kwingine. Maarifa ya mahali hupatikana kwa njia hiyo. Kwa mfano, mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na taa zake, na mbalamwezi ikijaa hupumzika. Kijana wa kambini mwenye moyo wenye kovu, aliyepangiwa sindano katikati ya giza, ataitwa mtoro ilhali yuko majini akitafuta riziki. Mwenye rejista anayeona majina ya wavuvi yakikosekana usiku wa giza, miezi mitatu mfululizo, ataitazama kalenda upya, apange tarehe zao karibu na mbalamwezi bila kuruka dozi.

Hapo hatutakuwa tumejenga jengo wala kuajiri bingwa. Atakuwepo muuguzi mmoja, Ijumaa jioni, akishusha kidole kwenye safu ya mwisho ya ukurasa. Kidole kitasimama kwenye nafasi iliyo tupu, naye atachukua simu kumpigia yule mama wa vidole vilivyovimba, amuulize kwa nini wiki hii hakumwona.