Dirisha Likipanuka, Vilivyomo Navyo Vipanuke

Wako wenzetu wasemao kwamba njia rahisi ya kutengeneza programu yenye madirisha ni kukipangia kila kitufe mahali pake kwa kuhesabu nukta za kioo. Mimi nakataa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, vioo vya kompyuta havilingani. Kimoja kina nukta 1366 kwa 768, kingine 1920 kwa 1080. Kitufe kilichobandikwa nukta 800 kutoka juu huonekana vema katika kioo kikubwa. Katika kidogo hakionekani, na mtu hana la kubonyeza.

Pili, maneno hayalingani urefu. "Save" ya Kiingereza ina herufi 4, "Hifadhi" yetu ina 7. Kitufe kilichopimwa kwa Kiingereza hulikata neno letu mkia. Basi apimaye kwa nukta hukifungia Kiswahili mlango bila kukusudia.

Dawa ni kuviweka vitu ndani ya chombo cha mpangilio, na kukiachia chombo kazi ya kupima. Jambo hili si geni: Tk ya John Ousterhout, iliyotolewa mwaka 1991, ilifanya hivyo, na Tkinter ya Python yaitegemea hata leo.

Lakini chombo chataka kuamriwa. Katika Tkinter, neno "sticky" hukiambia kitu kishike kingo za chumba chake. Chumba chenyewe halikikuzi. Chumba hukua kwa "weight", ambayo isipotajwa ni 0. Ndiyo maana wengi hulivuta dirisha, vitu visitikisike, wakailaumu Tkinter bure. Safu moja ikipewa 1 na ya pili 2, nafasi iliyozidi hugawanywa mafungu matatu: moja kwa ya kwanza, mawili kwa ya pili.

Wala haifai kila kitu kikue. Mahali pa kuandikia pakue, maana maandishi huongezeka. Kitufe kibaki na kimo chake. Kitufe kipana kama mlango wa ghala chamfaa nani?

Watasema kujifunza haya kwapoteza wakati. Ni kweli, yataka siku mbili tatu. Lakini fundi cherehani hashoni sare za shule nzima kwa kipimo cha mwanafunzi mmoja, eti kwa kuwa ni rahisi.

Basi, wenzangu, kabla ya kumwonyesha mwalimu programu zenu, lishikeni dirisha pembeni, mlivute, kisha mlifinye. Kitufe kikipotea, kazi haijaisha.