Bundi wa Athens mmemsifu vya kutosha

Kila mtu akipost sarafu za Wagiriki wa kale, ni bundi wa Athens tu. Sawa, ana historia yake: gramu 17 hivi za fedha, iliyochimbwa Laurion na watumwa ambao hakuna anayewataja. Lakini kwa sanaa? Sura yake ilibaki ileile miaka na miaka, maana wafanyabiashara walishaizoea.

Mimi nipeni ile ya Syracuse, kule Sicily, ya mwisho wa karne ya 5 K.K. Arethusa, binti wa chemchemi, anakutazama usoni kabisa, nywele zinaelea kama ziko majini, pomboo wamemzunguka. Fundi alichonga hayo yote kinyume kwenye muhuri, mahali padogo kuliko kifuniko cha soda. Na uso wa kutazama mbele ni kujitafutia shida, pua ndiyo husuguliwa kwanza. Bado akathubutu.

Halafu kwenye utepe wa kichwa cha Arethusa akaweka herufi ndogo sana: KIMON. Jina lake!

Mimi video yangu ikisambazwa jina langu limekatwa, huwa namkumbuka huyu jamaa. Pesa ilikuwa ya mji mzima, na mji ukakubali jina la fundi lipite.