Anayepiga Picha ya Ziwa Tanganyika na Amjue Mvuvi

Kila mwisho wa likizo wanafunzi wangu hunionyesha katika simu zao picha za Kigoma, na karibu zote ni picha ileile: jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, maji yamekuwa mekundu, mtumbwi mmoja mweusi umeelea katikati. Ni picha nzuri. Lakini aliyeipiga angeweza kuondoka kesho yake pasipo kujua lolote kuhusu Kigoma. Husemwa kwamba msanii aliyekaukiwa na mawazo achukue kamera aende porini au ziwani, na ubunifu utamrudia. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Mandhari humpa kitu yule aliye tayari kufundishwa, na walimu wenyewe ni watu wanaoishi humo.

Chukua taa za dagaa. Usiku usio na mwezi, ukisimama kwenye kilima chochote kinachotazama maji kati ya Kigoma mjini na Ujiji, utaona taa zimetapakaa ziwani mithili ya mji wa pili. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mpiga picha aliyepanga safari yake kwa kufuata mbalamwezi, akidhani atapata usiku mzuri zaidi, atakuta ziwa tupu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hukosa nguvu ya kuwavuta dagaa, nao wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Anayeitaka picha ile hana budi kuishi kwa kalenda ya mvuvi. Akiishika kalenda hiyo atajua na mengine: kwamba alfajiri mwalo ni wa wanawake wanaopokea dagaa na kuwaanika, na kwamba wingu moja la mvua linaweza kuharibu kazi ya usiku kucha. Mwaka 2024, Serikali ilipositisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, giza lenyewe lilikuwa habari. Natamani kuiona picha ya giza hilo, na sijaiona.

Ukanda huu umetazamwa na wageni kwa muda mrefu. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapohapo, na kitabu chake kilipochapwa mwaka uliofuata kilibeba mchoro wa wazungu wawili wakisalimiana, huku wenyeji wa mji wakiwa wamesimama pembeni kama pambo. Mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo umekuwa, katika kumbukumbu ya dunia, mahali pa salamu moja. Anayekwenda leo kwenye mnara wa Ujiji hushangaa kukuta maji yako mbali na pale. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilifungua njia yake ya kutokea kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, likashuka sana. Miaka ya karibuni limepanda tena na kuwasogeza watu wa mwambao. Mwenye kamera anayerudi kila mwaka kusimama palepale, kwa pembe ileile, atakuwa na kazi yenye uzito kuliko machweo mia moja.

Na picha hufanya kazi. Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962, miaka miwili baada ya Jane Goodall, na picha zake ndizo zilizoifanya dunia iwaamini sokwe wale. Miaka ya 90 mwanzoni Goodall aliruka kwa ndege juu ya eneo hilo, akaona msitu mdogo umezungukwa na vilima vilivyo uchi. Kutokana na hapo ulizaliwa mradi wa TACARE mwaka 1994, ambamo baadaye wanavijiji walikaa na picha za setilaiti za ardhi yao, wakaonyesha kwa vidole vijito na mashamba, wakapanga matumizi ya ardhi. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha bora ya mandhari iliyopata kutumika Kigoma, ingawa hakuna atakayeitundika ukutani.

Sasa niwageukie watumishi wa umma wanaonisoma. Kijana mmoja niliyemfundisha alisimamishwa mwaloni kwa kuwa alikuwa amebeba kamera kubwa. Akahojiwa ametumwa na nani, akafutishwa picha za siku mbili. Mtalii aliyekuwa hatua chache kutoka hapo hakuulizwa kitu. Ninaelewa kwamba tuko mpakani, na kwamba bandari na stesheni si mahali pa kupigwa picha ovyo. Lakini mchanga wa kuanikia dagaa una siri gani? Tukimzoesha kijana wa Mwanga au Ujiji kuona aibu kuitazama nchi yake kwa kamera, ataendelea kuijua kupitia macho ya wapita njia.

Dawa yake ni rahisi. Halmashauri zibandike katika kila mwalo tangazo la Kiswahili linalotaja maeneo yasiyoruhusiwa kupigwa picha, na nani wa kumwona mtu akiwa na shaka. Mgambo alisome, na mpiga picha alisome. Linatosha kwenye karatasi moja.