Mrushaji Mkongwe Apimwe kwa Mpira, Si kwa Umri

Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Methali hii hufundishwa shuleni, hutahiniwa katika karatasi za Kiswahili, na wanafunzi huitungia insha. Ajabu ni kwamba tunapofika katika mambo ya michezo twaisahau upesi. Kila timu ya taifa ya kriketi inapokaribia kutajwa, na miongoni mwa wanaotarajiwa pana jina la mrushaji mpira aliyevuka umri wa miaka 35, swali la kwanza linaloulizwa si kama mtu huyo angali anaweza kuwaondoa wapigaji uwanjani. Linaloulizwa ni: "Huyu naye bado yupo?" Wenye ulimi mkali zaidi humshauri akalee wajukuu. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo halimfai mteuzi wa timu ya taifa, na halifai hata zaidi linapoulizwa juu ya mrushaji wa mpira wa mzunguko.

Najua kwamba hapa Kianjokoma, ninapoyaandika haya, kriketi si mchezo wa kila uwanja. Watoto wetu wa Embu hucheza kandanda na voliboli. Kriketi wengi wao huisikia tu redioni ikitajwa pamoja na Nairobi na Mombasa. Basi yafaa tueleze kidogo. Katika kriketi kuna warushaji wa namna mbili. Wa kwanza ni mrushaji wa kasi. Huyu hutoka mbio kutoka mbali, akautupa mpira kwa nguvu zote za mgongo, bega na goti, na walio hodari kabisa huufikisha mwendo unaozidi kilomita 140 kwa saa. Wa pili ni mrushaji wa mzunguko. Yeye hupiga hatua chache tu, na mpira wake huenda polepole, pengine kilomita 80 au 90 kwa saa. Silaha yake ni vidole na kifundo cha mkono: huuzungusha mpira hewani ili unapogonga ardhi ugeuke upande ambao mpigaji hakuutarajia. Huubadilisha mwendo, akaurusha huu juu kidogo na ule chini kidogo, huku akimsoma mpigaji kama mwalimu amsomavyo mwanafunzi aliyefika darasani bila kufanya kazi ya ziada.

Kutokana na tofauti hiyo, miaka haiwatendei warushaji hawa wawili sawasawa. Mrushaji wa kasi hutegemea mwili ambao una muda wake. Wa mzunguko hutegemea subira, kumbukumbu na hila, na mambo haya hujengwa na mechi nyingi, hata zile alizoshindwa. Lugha yetu imeliona jambo hili zamani. Kiswahili kina kitenzi kuchakaa, nacho hutumika kwa nguo, kiatu au gari lililotumika hadi likaisha. Kina pia kitenzi kukomaa, ambacho hutumika kwa mahindi, kwa ndizi, na kwa mtu ambaye fikra zake zimepevuka. Vyote viwili hutokea kwa kupita kwa wakati, lakini hakuna Mswahili anayevichanganya. Mkulima hatupi ndizi kwa kuwa imekomaa. Hofu yangu ni kwamba kamati zetu za uteuzi zikiona tarehe ya kuzaliwa huandika "amechakaa" kabla ya kuchunguza kama "amekomaa".

Mfano ulio bora kabisa tunao nyumbani. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1963, alikuwa mrushaji wa mzunguko anayetumia mkono wa kushoto. Aliiongoza Kenya kama nahodha katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, kisha akastaafu. Huyu ni mtu aliyekuwa amekwisha kuitumikia nchi yake vya kutosha, hata katika tenisi, kwani aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya Davis Cup. Lakini lilipofika Kombe la Dunia la mwaka 2003, ambalo Kenya ilikuwa mwenyeji wake pamoja na Afrika Kusini na Zimbabwe, aliitwa arudi. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa watetezi, ambao walilitwaa kombe lile tena bila kupoteza hata mechi moja. Kenya ilipata mikimbio 174 pekee. Wapigaji wa Australia walianza kwa kishindo, na wengi tulidhani mechi itakwisha upesi. Ndipo Karim akapewa mpira. Alirusha ova 8 na mipira 2, yaani mipira 50 kwa jumla. Katika ova 6 kati ya hizo Waaustralia hawakupata kwake hata mkimbio mmoja. Katika mipira yote 50 aliwapa mikimbio 7, naye akawaondoa wapigaji 3: nahodha Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda mechi hiyo, tusifiche, lakini mchezaji bora wa siku alitajwa kuwa Aasif Karim. Siku tano baadaye Kenya ilicheza nusu fainali dhidi ya India, ikashindwa kwa mikimbio 91. Ni kweli pia kwamba safari yetu ilisaidiwa na pointi tulizopewa New Zealand ilipokataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama. Hata hivyo hakuna aliyempa Karim zile ova 6. Alizipata kwa kazi ya mkono wake.

Wala yeye si kisa cha pekee. Mwaka 1926 Uingereza ilikuwa haijaishinda Australia katika msururu wa mechi za Ashes kwa zaidi ya miaka 10. Katika mechi ya kuamua, wateuzi walimrudisha Wilfred Rhodes, mrushaji wa mzunguko wa mkono wa kushoto aliyekuwa na umri wa miaka 48. Alichukua wiketi 6 katika mechi hiyo, na Uingereza ikashinda. Barani mwetu, Zimbabwe ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Test mjini Harare mwezi Oktoba 1992, John Traicos, aliyekuwa na umri wa miaka 45, aliwaondoa wapigaji 5 wa India katika zamu moja. Na majirani zetu wa Uganda walipofika Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, mwaka 2024, walikuwa na Frank Nsubuga wa miaka 43, mchezaji aliyewazidi wote umri katika mashindano yale. Dhidi ya Papua New Guinea, nchini Guyana, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 pekee na kuchukua wiketi 2. Uganda ilishinda mechi hiyo, ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Kama wateuzi wa Kampala wangelitazama cheti cha kuzaliwa peke yake, ova hizo nne zisingelirushwa.

Hata hivyo hoja yetu haitakuwa ya haki tusipousikiliza upande wa pili, maana upande wa pili una nguvu. Kwanza, kriketi si kurusha mpira tu. Mchezaji hukaa uwanjani kwa saa kadhaa, akiufukuza mpira unaokimbilia mpakani, na goti la mtu wa miaka 40 si la kijana wa miaka 20. Mikimbio aliyoizuia kwa mkono anaweza kuirudisha kwa miguu. Pili, nafasi katika timu ni 11 tu. Kila mkongwe anayebaki huenda amemfungia mlango kijana ambaye angejifunza kwa kucheza. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kumrudisha mkongwe huweza kuwa kificho cha uzembe: viongozi wa mchezo hawakulea chipukizi, hawakuendesha ligi ipasavyo, na mashindano yakiwafikia hukimbilia majina yanayojulikana.

Historia yetu yenyewe inaipa nguvu hoja hii ya tatu. Steve Tikolo, nahodha wetu wa mwaka 2003 na mmoja wa wapigaji bora waliopata kuzaliwa Kenya, alicheza Kombe la Dunia la mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 39, umri ule ule aliokuwa nao Karim siku ya Durban. Mwaka huo Kenya ilipoteza mechi zake zote 6. Haitakuwa uungwana kumtwika mtu mmoja mzigo wa timu nzima, wala sifanyi hivyo. Ninachosema ni kwamba miaka 39 ilikuwapo katika sherehe na ilikuwapo katika msiba. Basi umri peke yake haukutupa nusu fainali, na umri peke yake haukutunyima ushindi. Mwaka 2014 tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na tangu 2011 timu yetu ya wanaume haijarudi katika fainali za Kombe la Dunia. Anayetafuta sababu aanzie kwenye malezi ya wachezaji na uendeshaji wa mchezo, asianzie kwenye mvi za mtu.

Mababu zetu wa Embu, kama majirani zao wa Mlima Kenya, walikuwa na utaratibu wa marika. Vijana walikuwa na kazi yao, wazee walikuwa na yao, na wakati ulipotimia rika moja lililiachia jingine. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema kwamba mkongwe sharti aondoke. Mimi nausoma kwa namna nyingine kidogo. Katika utaratibu ule hakuna aliyemtuma mzee akimbie vitani, na hakuna aliyemkalisha kijana peke yake barazani kuamua kesi. Kila kazi ilitafutiwa mtu aliyeiweza. Timu ya kriketi nayo ina kazi nyingi, na kazi ya kuuzungusha mpira ni mojawapo ya zile zinazopendelea aliyekwisha kuona mengi.

Walimu wanaosoma safu hii wataukumbuka mjadala wa mwaka 2009, Serikali ilipoongeza umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Vijana waliomaliza vyuo walikuwa na haki ya kuuliza nafasi zao zi wapi. Lakini kila mwalimu mkuu alijua pia kwamba katika chumba chake cha walimu mlikuwa na mtu wa miaka 55 ambaye akiondoka hesabu za kidato cha nne zingeyumba, na mlikuwa na mwingine wa umri huo huo aliyekwisha kuondoka kitambo kwa roho, mwili tu ndio uliobaki. Sheria ya umri huwatendea wawili hao kama mmoja. Kwa kuendesha utumishi wa umma pengine hatuna njia nyingine. Kwa kuchagua wachezaji 11 njia ipo, kwa sababu kazi yao huonekana na huhesabiwa kila wiki.

Hapa Kianjokoma hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Chai yetu huchumwa majani mawili na chipukizi, kisha hupelekwa kituoni na kupimwa. Karani wa kituo hukagua majani, akayaweka mizanini, akaandika kilo. Kijana mwenye nguvu aliyechuma majani magumu hurudishiwa, na mama mwenye mvi aliyeleta majani mazuri huandikiwa kilo zake zote. Hakuna anayeulizwa alizaliwa lini. Uteuzi wa timu ya taifa unahitaji mizani ya namna hiyo.

Mizani yenyewe nadhani iwe na maswali matatu. Je, timu ina pengo gani? Karim hakurudishwa kuja kupamba orodha. Alikuwa na namna ya kurusha ambayo timu iliihitaji. Pili, nani anaiziba nafasi hiyo vyema zaidi katika mechi za msimu huu, si za miaka kumi iliyopita? Hapa mkongwe asipewe upendeleo wowote: kama kijana anamzidi, kijana achukuliwe, na jina kubwa lipumzike. Tatu, nani atajifunza kando yake? Mwaka 2003 timu iliyokuwa na Karim wa miaka 39 ilikuwa pia na Collins Obuya wa miaka 21, mrushaji mwingine wa mzunguko, ambaye tarehe 24 Februari aliwaondoa wapigaji 5 wa Sri Lanka jijini Nairobi na kutupatia ushindi mkubwa. Wawili hao walitengana kwa karibu miaka 18, na nafasi ya mmoja haikuwa kifungo kwa mwingine. Mkongwe anayeteuliwa leo awekewe sharti hilo wazi: pamoja na kurusha mpira, kazi yake ni kumwandaa atakayempokea. Akikataa kufundisha, basi hilo nalo lihesabiwe mizanini.

Nanyi wanafunzi, msidhani hoja hii inawapokonya haki yenu. Inawalinda. Mteuzi anayemkataa mtu leo kwa kuwa ni mzee, bila kumtazama, ndiye huyo huyo atakayewakataa ninyi kesho kwa kuwa ni wadogo, bila kuwatazama. Walimu wa michezo mnaochagua timu za shule mwaweza kuanza mapema: mwiteni kila anayeomba nafasi, mpeni mpira mbele ya wenzake, andikeni alichofanya, na majina yabandikwe pamoja na sababu zake. Kamati za taifa nazo zifanye vivyo hivyo. Zikimwacha mrushaji mkongwe, zitwambie ni ova zipi zilizomshinda, nasi tutaridhika.