Mshale wa Spidi Ukilala, Anzia Gurudumuni



Jioni moja nilikuwa nikiteremka Barabara ya Uhuru kutoka Ilala kuelekea Kariakoo, ndani ya Volkswagen yetu ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Mtoto wetu mdogo akachungulia juu ya bega langu, akauliza: "Baba, mbona tunakwenda, na saa inasema tumesimama?"

Nilicheka. Kesho yake sikucheka tena. Mwanafunzi mmoja alivuka ghafla mbele yangu. Nikakanyaga breki, gari likasimama karibu mno na magoti yake. Nilipotulia nilijiuliza kama nilikuwa nikienda kilomita 40 au 60 kwa saa, nisipate jibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini atakitiije kikomo hicho mtu asiyeujua mwendo wake?

Fundi wa kwanza niliyemwendea, bila hata kuinama, aliamua kwamba kipimamwendo kimekufa, ninunue kingine. Nikaenda Gerezani, nikatoa fedha zilizokuwa za matumizi ya nyumbani. Kikafungwa, na mshale ukalala pale pale. Fundi wa pili, mtu mzima mwenye maneno machache, aliniuliza swali moja tu: "Ndugu, gurudumu umelitazama?" Baada ya robo saa alikuwa ameshika waya uliokatika vipande viwili. Kipimamwendo changu cha kwanza hakikuwa na kosa lolote.

Basi yafaa tujue jinsi kifaa hiki kifanyavyo kazi. Asili yake ni ugunduzi wa Mjerumani Otto Schulze, aliyepewa hataza mwaka 1902. Waya uliosokotwa huzunguka ndani ya ganda lake na kuzungusha sumaku iliyo nyuma ya saa. Sumaku hiyo huvuta kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba hukizuia kisizunguke kabisa. Kadiri sumaku inavyokwenda mbio, ndivyo kikombe kinavyogeuka zaidi pamoja na mshale. Tarakimu za kilomita huendeshwa na meno madogo yanayozungushwa na waya huo huo.

Kutokana na hayo, dalili hujieleza zenyewe. Mshale na tarakimu vikisimama pamoja, ushuku waya kwanza. Tarakimu zikiendelea kuhesabu huku mshale umelala, kosa limo ndani ya saa. Mshale ukitetemeka, huenda waya umekauka grisi au umepindwa mno mahali fulani.

Katika Volkswagen hiyo, waya huanzia gurudumu la mbele la kushoto, yaani upande wa abiria kwa magari yetu. Hupita katikati ya ekseli, na ncha yake ya pembe nne hutokeza katika tundu la kifuniko cha grisi, ikashikwa na pini ndogo. Pini ikianguka, au tundu likilika na kuwa mviringo, gurudumu litazunguka na waya utabaki kimya. Kwa hiyo tazama hapo kabla hujatoa hata senti.

Kama pini ipo, egesha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, kisha inua lile la mbele kwa jeki. Fungua boneti ya mbele, ondoa ubao mwembamba unaoficha mgongo wa saa, na ufungue nati ya waya kwa vidole. Mwambie mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono. Ncha ya juu ikizunguka, waya ni mzima na mgonjwa ni saa. Isipozunguka, na pini iko mahali pake, waya umekatika.

Kubadilisha si kazi ya kutisha. Chomoa pini, funga uzi imara kwenye ncha ya juu ya waya mbovu, kisha uuvute wote utokee chini, nyuma ya gurudumu. Uzi utabaki umeonyesha njia, nao ndio utakaoupandisha waya mpya. Paka grisi kidogo sehemu ya chini, lakini acha ncha ya juu kavu, maana grisi hupanda na kuichafua saa. Usiupinde waya kwa ghafla. Ukimaliza, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uone kwamba hauvutwi. Pini nayo iwe mpya.

Uendapo dukani, chukua waya wa zamani mkononi, uulaze sambamba na ule mpya, ulinganishe urefu na ncha zote mbili. Magari mengi yanayoingia nchini siku hizi hayana waya huu. Mwendo wao hupimwa kwa umeme. Ndiyo maana itakubidi uulize duka baada ya duka. Wenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani wajue kwamba waya wao huanzia kwenye giaboksi. Na usikubali saa ya gari jingine kwa kuwa tu inaingia katika tundu: mshale utacheza, lakini utasema uongo.

Mwisho, pima kazi yako. Katika barabara iliyo wazi yenye nguzo za kilomita, shikilia mwendo wa 60, na abiria atazame saa ya mkononi. Kilomita moja ichukue dakika moja kamili.

Mimi nilikuwa nimeshapoteza hesabu ya kilomita, na muda wa kubadilisha oili ya injini ulikuwa umenipita bila habari. Hasara hiyo ililipika. Ile nyingine, ya mtoto wa watu barabarani, isingelipika kamwe. Kama mshale wa gari lako umelala, ndugu msomaji, usingoje mwanao akuulize.