Mji Gani Wamfaa Mcheza Dansi wa Mashindano?



Siku hizi kijana wa kijijini huona katika simu mambo ambayo babu yake hakuyaota. Huona mwanamume na mwanamke wamevaa vizuri, wameshikana kwa adabu, wanateleza juu ya sakafu ya mbao kama ndege juu ya maji, na waamuzi wanawatazama. Ndipo siku moja husema, "Baba, nataka kwenda Dar es Salaam, nikajifunze dansi ya mashindano." Baba hushtuka. Mama huona baa, pombe na usiku wa manane. Basi leo tulitazame jambo hili bila hasira, maana kumkaripia kijana kabla ya kumwelewa si malezi.

Kwanza tujue mchezo wenyewe. Dansi za mashindano ni kumi, nazo zimegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni walsi, tango, walsi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Fungu la pili ni samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jaivu. Kila dansi ina mwendo wake uliopimwa: walsi huenda mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, na kwikistepu mapigo 200 na zaidi. Kule Blackpool, Uingereza, mashindano makubwa ya dansi yalianza mwaka 1920. Mwaka 1997 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilikubali kuitambua dansi hii kuwa mchezo. Wengi wa wanaoshindana ni watu wa ridhaa, yaani hawalipwi. Mchana hufanya kazi zao, na jioni hufanya mazoezi.

Wala msidhani jambo hili ni geni kwetu. Zamani za wazee wetu vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa ngoma na mavazi toka pwani hata bara. Kisha ikaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Katika miaka ya 1950 watu wa Dar es Salaam walicheza walsi, foksitroti na rumba katika ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, wanaume wamefunga tai na wanawake wamevaa gauni. Huenda babu anayenung'unika leo alikuwa mmoja wao!

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Husikia kwamba Dar es Salaam ni mji wa dansi, wakadhani basi ni mji wa dansi ya mashindano. Kweli, Kinondoni ilisifika kwa kumbi zake, na African Stars, wana Twanga Pepeta, walipiga miaka mingi pale Mango Garden. Temeke nayo ina ukumbi wa TCC Chang'ombe, ambako mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wamepata kujaa. Lakini watu huenda huko kujifurahisha. Rumba ya bendi zetu ina asili ya Kuba na Kongo, na kila mtu huicheza apendavyo hata alfajiri. Rumba ya mashindano huchezwa kwa dakika moja na nusu au mbili, na mguu ukikosea mwamuzi anaona. Mtu aweza kucheza Kinondoni kila Jumamosi kwa miaka kumi, asijue hata hatua moja ya foksitroti.

Basi mji mzuri utajulikanaje? Kijana na aulize mambo matano.

La kwanza, mwalimu: yuko nani afundishaye dansi hizi kumi, naye alifunzwa wapi? La pili, mwenzi: mchezo huu ni wa watu wawili, na kumpata mwenzi wa kimo chako, mwenye bidii na tabia njema, ni kazi kuliko kupata viatu. La tatu, sakafu: saruji huumiza magoti na hairuhusu mguu kuteleza. La nne, mashindano yenyewe: ni lini, ni wapi, na nani wanaoamua? Asiridhike na jibu la "tutaandaa." La tano, njia. Tazameni, kijana akipanga Mbagala kwa kuwa chumba ni rahisi, na mwalimu yuko Tegeta, atavuka mji mzima jioni na kurudi usiku. Nauli na usingizi vitamshinda kabla ya miguu kuchoka.

Kama majibu manne au matano ni mazuri, mji huo wamfaa. Kama ni mawili tu, bado. Afadhali mtaa mdogo wenye mwalimu mmoja wa kweli kuliko jiji lenye kumbi mia. Na ajuaye kwamba anataka kufika mbali sana atambue kuwa katika Afrika mchezo huu una mizizi mirefu Afrika Kusini, hata katika vitongoji vya watu wa kazi kama Soweto. Lakini huko ni safari ya mtu aliyekwisha kuiva.

Sasa neno kwa wazazi. Mcheza wa ridhaa hana mshahara wa dansi. Viatu, mavazi, mwalimu na nauli vyote hutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo swali lenu la kwanza lisiwe, "Utacheza wapi?" bali, "Utakula nini?" Kijana mwenye ufundi wa cherehani au useremala aweza kuishi Temeke na kucheza jioni. Asiye na kazi atacheza kwa fadhila za watu, na hasa binti, fadhila hizo zaweza kumgharimu sana. Mjueni huyo mwenzi wake, mjueni mwalimu, na mwende wenyewe kuona mahali pa mazoezi, mchana na jioni.

Wakati huohuo kijana aanze hapo nyumbani. Kuhesabu moja, mbili, tatu na kusimama wima hakuhitaji jiji. Akidumu mwaka mzima bila kuchoka, mtajua ni nia, si tamaa ya mji. Hapo mpeni baraka zenu, na nauli.