Jon Rahm na Mkoba wa Riyadh

Katika barza zetu za Mwambao gofu haizungumzwi sana. Wengi wetu twaijua kwa kupita kando ya uwanja wa Mombasa, kule Mama Ngina, tukawaona watu wakikipiga kijipira kisha wakakifuata. Lakini tangu mwaka 2022 mchezo huu umeingia barazani kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa fedha za Saudia. Atakaye kuielewa habari hiyo na aitazame safari ya mchezaji mmoja wa kulipwa, Mhispania Jon Rahm.

Rahm alizaliwa mwaka 1994 huko Barrika, katika pwani ya nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania. Alisoma chuo kikuu Arizona, Marekani, akaanza kucheza kwa malipo mwaka 2016, na Julai 2020 akawa wa kwanza duniani. Juni 2021, akiwa anaongoza kwa mapigo sita na imebaki siku moja tu, alipimwa akakutwa na virusi vya Korona, akatolewa mashindanoni. Hakumlaumu mtu, wiki mbili baadaye akatwaa U.S. Open. Tarehe 9 Aprili 2023 akashinda Masters, siku ambayo marehemu Seve Ballesteros, fahari ya Wahispania, angalitimiza miaka 66. Jina hilo si geni nchini mwetu. Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akaitwaa British Open. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: mchezaji husafiri, akapigwa na jua la kila nchi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine.

Saudia ilileta ngazi nyingine. Ligi ya LIV, inayogharamiwa na hazina ya uwekezaji ya dola hiyo, ilianza karibu na London Juni 2022. Watu walicheza siku tatu badala ya nne, wala hakuna aliyeondolewa katikati. Katika mashindano ya kawaida, atakayeshindwa siku mbili za mwanzo hufunga mizigo yake akaenda zake bila ya senti. LIV hata wa mwisho alilipwa, na wa kwanza alichukua dola milioni 4.

Mwezi huo huo Rahm aliulizwa rai yake. Akajibu kuwa mchezo wa siku tatu usio na mchujo haumvutii, kwamba yeye hachezi kwa ajili ya fedha, na kwamba atakalo ni kushindana na walio bora kabisa. Watu wakamsifu. Desemba 2023 akaonekana amevaa koti la LIV. Kiasi alicholipwa hakikutangazwa. Magazeti ya huko yalikisia dola zaidi ya milioni 300. Mwenyewe alikiri kuwa fedha zilikuwa miongoni mwa sababu.

Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Wamagharibi wengi walisema ni fedha za kujisafishia jina, wakakumbusha mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi mwaka 2018. Jambo hilo si dogo, na sisi wenye kushika kalamu hatuwezi kulipitia kama upepo. Wengine kwetu wakajibu kuwa huo ni wivu tu wa kumwona Mwarabu akinunua kilicho cha Mzungu. Nao wana hoja. Ziara ya Ulaya, ambayo Kenya Open imo ndani yake tangu 2019, huitwa DP World Tour kwa jina la kampuni ya bandari ya Dubai, ile ile iliyotia saini mkataba na bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023. Na Juni 2023 wakuu wa ziara ya Marekani, walioilaani LIV mwaka mzima, walitangaza mapatano na hazina hiyo hiyo ya Riyadh.

Lakini hoja hiyo isitupumbaze. Hazina ya Riyadh si baitulmali ya Waislamu. Ni mfuko wa dola moja, nao huwekezwa kwa maslahi ya dola hiyo. Anayeutetea kwa kuwa Makka na Madina zimo Saudia amechanganya ibada na biashara.

Sasa tupime biashara yenyewe. Mwaka 2024 Rahm akawa bingwa wa LIV kwa jumla, akapata dola milioni 18. Mwaka 2025 akawa bingwa tena bila ya kushinda shindano hata moja, ilhali Joaquin Niemann wa Chile alishinda matano! Lakini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 aliongoza kwa mapigo manne, akaporomoka hadi nafasi ya tano. Mei 2025, kwenye PGA Championship, alikuwa bega kwa bega na Scottie Scheffler siku ya mwisho, akapoteza mapigo matano katika mashimo matatu ya mwisho. Hadi mwaka 2025 ukaisha, hakuwa ameongeza taji kubwa tangu kuhama kwake.

Si kwamba amesahau kucheza. Septemba 2025 alikuwamo katika kikosi cha Ulaya kilichowashinda Wamarekani kwao 15 kwa 13 katika Ryder Cup. Bali makali hunolewa kwa kijiwe kigumu, na mahali ambapo kushindwa hakuna gharama, kijiwe ni laini. LIV wenyewe walitangaza Novemba 2025 kuwa kuanzia 2026 watacheza siku nne, kama alivyotaka Rahm tangu mwanzo.

Kwa hiyo tusimcheke Mhispania huyu. Bei kama ile wangapi wetu wangaliikataa? La kumwuliza ni lile alilojiuliza mwenyewe mwaka 2022, aliposema kuwa kwa alichokwisha kuchuma angaliweza kustaafu akaishi kwa raha. Mtu aliyekwisha kutosheka alinunuliwa nini? Jawabu lake haliko Riyadh wala Marekani. Vijana wetu wanaoutamani mchezo wa kulipwa, uwe gofu au kandanda, heri wawe nalo kabla mkoba haujafunguliwa mbele yao.